Mwalimu aachiwe benchi lake

Mstari wa pembeni ulichorwa kwa majivu ya jikoni, na kufikia mapumziko ulikuwa umeshafutika karibu wote. Labda ndiyo maana mtu yule aliuvuka bila hata kuangalia chini. Hakuwa mchezaji wala mwamuzi. Alikuwa mfadhili wa timu, aliyenunua seti ya jezi na mipira miwili, na watu wa kata ya Ihanda waliokaa kwenye nyasi upande ule walimpisha kwa heshima. Mwalimu alikuwa amechuchumaa katikati ya vijana wake, dumu la maji mkononi, timu iko nyuma kwa bao moja.

“Mwalimu, kijana wetu umemweka nje kwa nini?”

“Shikamoo, mzee. Amefika saa kumi kasoro dakika tano. Wenzake walikuwa hapa saa nane na nusu.”

“Saa haifungi magoli. Mwingize.”

Mwalimu alifungua daftari lake, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akalitazama kidogo kana kwamba kuna jibu ndani yake, kisha akalifunga. Kijana akaingia. Alifunga mawili, timu ikashinda, mzee akabebwa juujuu. Jumapili iliyofuata, saa nane na nusu, waliokuwa wamefika uwanjani walikuwa wanne.

Hatutaji timu wala jina la mtu, kwa kuwa jambo hili si la timu moja. Zunguka viwanja vya Karagwe na Kyerwa siku ya mechi utaliona kwa sura tofauti: leo ni mfadhili, kesho ni mwenyekiti, keshokutwa ni baba wa mchezaji aliyekuja na bodaboda yake hadi kwenye kona ya uwanja. Kila mmoja ana kikosi chake kichwani, na kila mmoja anataka mwalimu akipange kwa mkono wake mwenyewe, ili wakifungwa lawama zimwendee yeye.

Msimamo wetu ni huu. Kupanga kikosi ni kazi ya mwalimu, na kumwacha nje mchezaji tegemeo ni sehemu ya kazi hiyo. Kuna siku si hiari tena bali ni wajibu, na mwalimu anayeukwepa anastahili kulaumiwa. Yule wa Ihanda tunamlaumu. Aliyevuka mstari wa majivu tunamlaumu zaidi.

Taifa hili limewahi kulipitia jambo hili mbele ya macho ya watu wote, na ni vizuri kulikumbuka jinsi lilivyokuwa, maana linasimuliwa vibaya. Agosti 2018, Taifa Stars ilipata mwalimu mpya, Emmanuel Amunike wa Nigeria. Hakuwa mtu wa kufundishwa soka barazani. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 1994 pale Tunis alifunga mabao yote mawili Nigeria ilipoifunga Zambia 2-1, na mwaka huo akawa Mchezaji Bora wa Afrika. Mwaka 1996 alifunga bao la ushindi dhidi ya Argentina katika fainali ya Olimpiki. Alichezea Barcelona. Mwaka 2015 aliwapa vijana wa Nigeria wa chini ya miaka 17 ubingwa wa dunia huko Chile.

Mechi yake ya kwanza na sisi ilikuwa ugenini dhidi ya Uganda, Septemba 8, kuwania kufuzu AFCON ya 2019. Watu wa Kagera tuliisubiri mechi ile kuliko wengine. Kampala kwetu si jina la kwenye ramani. Ukiwa Murongo unavuka mto Kagera unaingia Kikagati, na shabiki wa upande wa pili ana namba yako ya simu, tena anaijua saa ya kukupigia ukifungwa.

Siku chache kabla ya safari, wachezaji sita wa Simba walichelewa kuripoti kambini: John Bocco, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni, Jonas Mkude, Shiza Kichuya na Hassan Dilunga. Hao walikuwa uti wa mgongo wa timu bora nchini. Simba ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa 2017/18 ikiwa imepoteza mechi moja tu ya ligi msimu mzima, na (turuhusiwe kulisema kwa raha) iliyowafunga ni Kagera Sugar, 1-0, Mei 19, 2018, katika Uwanja wa Taifa, siku ambayo Rais Magufuli alikuwapo kuwakabidhi kombe. Amunike akawaondoa wote sita. Shirikisho likatoa orodha mpya, ikiwa na vijana kutoka klabu kama Lipuli, Mtibwa Sugar na Tanzania Prisons.

Kelele zilizofuata zinajulikana. Kwenye vibanda umiza, kwenye redio, kwenye daladala, mgeni alitukanwa. Amekuja nchini jana, leo anamtimua nahodha wa Simba! Wapo waliosema kosa ni la klabu, wachezaji waonewe huruma. Wapo waliosema adhabu ingoje mechi ipite. Hoja hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, na tutairudia.

Kule Kampala, katika Uwanja wa Namboole, matokeo yalikuwa 0-0. Tangu siku hiyo wanaompenda Amunike husema sare ile ilithibitisha kwamba alikuwa sahihi, na wanaomchukia husema tungekuwa na wale sita tungeshinda. Sisi tunasema wote wawili wanapima kwa kipimo kisichohusika. Msimamo wa kundi letu mwishoni ulikuwa hivi: Uganda pointi 13, Tanzania 8, Lesotho 6, Cape Verde 5, na timu mbili za juu ndizo zilizofuzu. Toa ile pointi moja ya Kampala. Tanzania inabaki na 7, bado iko juu ya Lesotho. Anayetafuta ushahidi kwenye jedwali kwamba uamuzi ule ulituokoa, au ulikaribia kutuangamiza, hataupata. Uamuzi ulikuwa sahihi siku ulipofanywa, kabla mpira haujapigwa, kwa sababu muda wa kuripoti ulijulikana, wengine waliuheshimu, na sita hawakuuheshimu. Hata tungefungwa tano, tungeandika hivi hivi.

Linalosahaulika zaidi ni lililotokea miezi sita baadaye. Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa, Uganda tena. Katika mechi tano za kundi Uganda ilikuwa haijaruhusu bao hata moja. Simon Msuva akafungua. Kipindi cha pili ikapatikana penalti, na aliyeuchukua mpira akauweka kwenye nukta alikuwa Erasto Nyoni, mmoja wa wale sita. Akafunga. Aggrey Morris akaongeza la tatu, Lesotho na Cape Verde wakatoka sare bila mabao, na Tanzania ikarudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Miaka 39.

Mtu aliyeachwa nje Septemba ndiye aliyepewa mpira Machi, katika mechi kubwa kuliko zote za kizazi kile, na aliyempanga ni mwalimu yule yule. Hakukuwa na kisasi, wala jina halikufutwa daima. Adhabu ilikuwa na mwanzo na ilikuwa na mwisho. Wanaosema nidhamu kali huua vipaji watuambie ni kipaji gani kiliuawa pale.

Tena tusimtukuze Amunike kupita kiasi. Kule Praia alifungwa 3-0 na Cape Verde, kule Maseru akafungwa 1-0 na Lesotho, na kipigo kile cha Maseru kilikuwa aibu. Huko Misri, kwenye AFCON yenyewe, tulipoteza mechi zote tatu, 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya, 3-0 na Algeria, na Julai 2019 akaonyeshwa mlango. Hatukulia. Lakini angalieni nani aliyefukuzwa. Waliokuwa wanampangia kikosi kwenye redio hawakufukuzwa, viongozi wa klabu hawakufukuzwa, na waliosema adhabu ingoje mechi ipite bado wapo, wanampangia mwalimu wa sasa. Anayefukuzwa timu ikifungwa ndiye apange timu. Ukitaka kupanga wewe, basi na barua ya kufukuzwa iandikwe kwa jina lako.

Sasa hiyo hoja ya kungoja mechi ipite. Inasikika kama busara: mechi ni kubwa, tumia mchezaji leo, kesho mwadhibu. Ukiichunguza, ni kusema kwamba sheria itatumika siku ambayo haina gharama. Wiki ya mazoezi mepesi, mechi ya kirafiki, mpinzani dhaifu, hapo mwalimu awe mkali. Wachezaji si wajinga. Wakiona hivyo mara moja wanajua kabisa kwamba kuchelewa kunaruhusiwa, ilimradi uchelewe mbele ya mechi ngumu. Na anayeelewa upesi kuliko wote ni yule wa akiba, aliyefika saa nane na nusu, akafunga kamba za viatu, akaambiwa avue jezi ampe aliyekuja sasa hivi. Hilo ndilo daraja la kijana huyo katika timu yake, ameoneshwa mbele ya kijiji kizima. Mwaka ujao hutamwona uwanjani. Utamwona kijiweni, na mtasema vijana wa siku hizi hawapendi michezo.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Jumapili ile ya watu wanne, mwalimu wa Ihanda hakuwa na wa kumkemea. Angemkemea nani? Kila mmoja wao angemjibu kwa maneno ya mzee.

Tunajua hoja ya wafadhili, na si ya kupuuzwa. Timu za kata hazina kiingilio wala haki za televisheni. Nauli ya kwenda kucheza Kayanga, maji, mchango wa mwamuzi, dawa ya msuli, vyote hutoka mfukoni mwa mtu mmoja au wawili wenye duka au wenye shamba la kahawa lililojibu vizuri. Bila wao hakuna timu. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini aliyechangia bati za darasa hapewi chaki afundishe, na aliyenunua kitanda cha zahanati hamwelekezi nesi pa kuchoma sindano. Mfadhili asiyeridhika ana mahali pa kusemea: kikao cha uongozi, jioni, mechi ikiwa imekwisha. Amwite mwalimu, amhoji, na ikibidi apendekeze mwalimu mwingine. Hiyo ni haki yake, hatutamnyima. Asichoruhusiwa ni kuvuka mstari dakika ya mapumziko. Na viongozi wa timu walio kimya akivuka, kwa sababu wanafikiria jezi za msimu ujao, wameacha kazi yao kama mwalimu alivyoiacha ya kwake.

Kwa upande mwingine, benchi si fimbo ya kumpigia unayemchukia. Zipo habari za walimu wanaomwacha kijana nje kwa ugomvi wa ukoo au kwa sababu hakukubali kutumwa, kisha wakaita hiyo nidhamu. Mwalimu anayetaka aachiwe benchi lake ana deni. Sheria aitangaze kabla, si baada. Aanze kuitumia kwa mchezaji wake bora, maana sheria inayoanzia kwa mnyonge haifiki kwa mkubwa. Amwambie mchezaji mwenyewe, uso kwa uso, kabla orodha haijasomwa, kosa lake na muda wa adhabu yake. Akiulizwa na watu aseme ni yeye aliyeamua, asijifiche nyuma ya “goti linamsumbua kidogo.” Na kabla ya yote, aulize.

Hilo la kuulizwa tunalisisitiza. Februari 2000, Alex Ferguson alimwacha David Beckham nje ya mechi ya Manchester United na Leeds kwa kukosa mazoezi. Beckham alikuwa amebaki nyumbani na mwanawe mchanga aliyeugua. United ilishinda 1-0 bila yeye, na wengi huisimulia habari ile kama somo la ukali wa mzee yule. Sisi tuna shaka nayo. Baba aliyekaa na mtoto mgonjwa yuko kwenye wajibu, na wajibu huo ni wa zamani kuliko mpira. Ulinganishe na Desemba 31, 2022, klabu ile ile, Erik ten Hag alipomwanzisha Marcus Rashford benchi ugenini kwa Wolverhampton kwa kuchelewa kikao cha timu baada ya kupitiwa na usingizi. Hapo hakuna mtoto mgonjwa. Aliketi kipindi kizima cha kwanza, akaingizwa cha pili, akafunga bao pekee la mechi. Watu wa vibanda umiza walishangilia bao wakasahau kwamba dakika 45 za kukaa zilikuwa zimeshalipwa.

Kwetu maswali hayo yana sura ya nyumbani. Msimu wa kahawa, Jumapili mchana, kahawa imetandazwa kwenye turubai uani na wingu limeanza kujaa upande wa Rwanda. Baba hayupo. Kijana wa miaka 17 hawezi kuiacha inyeshewe ili awahi mpira. Akifanya hivyo tutamlaumu sisi wenyewe. Huyo akifika saa tisa na nusu, jasho linamtoka, vumbi la maganda bado kwenye mikono, mwalimu amwulize kwanza. Pengine ataanza mechi akiwa benchi hata hivyo, kwa kuwa hakupasha misuli, lakini ajue ni kwa sababu hiyo na si adhabu. Aliyechelewa kwa sababu jana usiku alikuwa kwenye rubisi ni habari nyingine, na kijiji chote kinamjua.

Kuna jambo moja la aibu ambalo hatuwezi kuliacha. Watu wale wale waliomshangilia mzee Jumapili, Jumatatu asubuhi wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi, wanamsubiri mtumishi ambaye hajafika. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Wanakunja uso, wanasema nchi hii haina utaratibu. Wamekaa muda mrefu. Akifika, mchangamfu, hodari wa kazi, mtu ambaye bila yeye ofisi haiendi, hatawaomba radhi, maana tangu utotoni amejua kwamba anayefunga magoli haulizwi saa. Alijifunzia wapi? Si shuleni, shuleni mwalimu wa zamu alisimama getini.

Mwishoni mwa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja. Uwanja wake wa Kaitaba ukanyamaza. Tangu hapo tumesikia sababu nyingi, za fedha, za waamuzi, za usajili, na baadhi ni za kweli. Lakini wachezaji wa mkoa huu watatoka wapi kama si kwenye viwanja vya majivu, Ihanda na kwingineko, na kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA? Anayefika huko juu akiwa na miaka 20 na hajawahi kukalishwa nje hata mara moja kwa kosa lake, klabu itakayomchukua itakuwa imenunua miguu tu. Siku mwalimu wa kwanza wa kweli atakapomweka benchi, atafunga begi arudi nyumbani, na mzee atampokea kituoni akisema wamemwonea.

Viongozi wa soka wa wilaya, nyinyi mnaopanga ratiba na kugawa waamuzi, msituambie hili ni la ndani ya timu. Kanuni za mashindano zinajua nani anaruhusiwa kukaa eneo la ufundi. Mwamuzi anayemwona mtu asiye kwenye orodha amesimama mbele ya benchi na kutoa maagizo ana kipenga na ana mamlaka. Akimwogopa kwa sababu ndiye aliyetoa mbuzi wa zawadi, aripoti, na nyinyi mchukue hatua. Mkishindwa hilo, msiitishe tena semina ya maadili kwa vijana.

Mwalimu wa Ihanda bado ana timu yake, na bado ana lile daftari. Tulipomwona mara ya mwisho alikuwa amechora safu mpya upande wa kulia wa ukurasa, jina na saa ya kufika, na jina la kwanza kabisa lilikuwa la yule mfungaji wa mabao mawili. Mbele yake palikuwa bado patupu. Mechi ijayo ni saa kumi jioni. Kufika uwanjani ni saa nane na nusu.